KINGEREZA CHA KUPOKEA WAGENI: NDIYO, LAKINI KINGEREZA GANI?

Ndugu wanafunzi, walimu wetu wababa na wamama, Bwana Prefe,



Katika mkutano wa wakubwa wa kalasi wa mwezi uliopita tuliletewa shauri moja kutoka kwa kamati ya wazazi. Shauri lenyewe ni hili: siku ya tatu, nyuma ya saa sita, saa moja ya kazi ya shamba iondolewe, na mahali pake wanafunzi wa miaka mitatu ya mwisho wafundishwe Kingereza cha utalii, maana yake Kingereza cha kupokea wageni, kuwaongoza katika pori na kutumika katika hoteli. Bwana Prefe aliomba tuandike mawazo yetu katika gazeti hili, kiisha walimu watakaa kukata shauri. Tangu siku ile maneno ni mengi uwanjani. Wengine wanapiga makofi, wengine wanacheka, na wengine wamekwisha kujiita "gide" hata neno moja hawajajifunza.

Mimi kama kapita wa wanafunzi nilisikiliza pande zote, na leo natoa mawazo yangu wazi. Nakubali somo hili. Lakini sikubali likiwa somo la kutufundisha "yes sir" na "welcome" tu. Tukifundishwa Kingereza cha utalii, kiwe cha mtu anayejua inchi yake, anayeweza kuieleza, na anayeweza vilevile kumkatalia mgeni kwa heshima. Bila hayo ni afazali tuendelee kulima saa ile, maana shamba litatupa hata maharagi.

Mahali tunapokaa

Tukumbuke kwanza mahali tunapokaa. Shule yetu iko kando ya njia inayotoka Bukavu kwenda kupanda Kahuzi. Mbingu ikiwa safi asubuhi, tunaona mlima wenyewe kupitia dirisha la kalasi, meta 3 308. Pori lile lilifanywa parki ya taifa mwaka 1970, kwa juhudi ya Mbelgiji mmoja jina lake Adrien Deschryver. Mwaka 1975 likapanuliwa upande wa bonde mpaka karibu kilometa mraba 6 000. Mwaka 1980 UNESCO ikaliandika katika urithi wa dunia, na mwaka 1997, sababu ya vita, ikaliandika tena katika urithi ulio hatarini.

Gorila wanaokaa mule, wale wataalamu wanaita gorila wa Grauer, hawapatikani inchi nyingine yoyote duniani. Si Rwanda, si Uganda, si Gabon. Ni mashariki ya Kongo tu. Na miaka ya 1970, watalii walikuwa wanapanda hapa Tshivanga kuwaona, wakati majirani zetu hawajapanga kazi hiyo vizuri. Wazee wa hapa wanakumbuka magari ya wageni yakipita. Kwa hiyo utalii si habari ya kuletwa jana. Sisi tulikuwa kati ya watu wa kwanza.

Leo majirani wametupita mbali. Rwanda, tangu mwaka 2017, mgeni analipa dolari 1 500 kwa saa moja ya kutazama gorila wa milima. Uganda, tangu mwaka 2024, analipa 800. Kwetu bei ilikuwa 400, na hata hivyo wageni walikuwa wachache. Siseme kama ni Kingereza peke yake kilichofanya tofauti hii. Kuna usalama, kuna barabara, kuna uwanja wa ndege, kuna serikali inayofuata kazi. Mwenye kuwaambia kama Kingereza kitaleta watalii anawadanganya. Lakini siku watakapokuja, lugha ndiyo itakayosema nani atatumika nao na nani atasimama kando ya njia akiwapungia mkono.

Maneno ya wanaokataa

Neno la kwanza ninalolisikia kila siku ni hili: "Batouriste biko wapi? Tutajifunza kuongea na nani, na miti?" Ndugu zangu, swali hili lina haki. Tunajua wote mambo ya mwaka 2025: mwezi wa kwanza Goma, mwezi wa pili Bukavu, zikachukuliwa na M23. Siandike hapa mambo ya siasa, gazeti hili haliko la kazi hiyo. Nasema tu kama tangu siku zile hatuone gari la mtalii. Na hata mbele ya hapo hali ilikuwa inasimama na kuanguka. Virunga ilifunga milango kwa watalii mwaka 2018 nyuma ya Waingereza wawili kutekwa na mlinzi mmoja wa kike kuuawa, ikafungua 2019, ikafunga tena 2020 sababu ya Covid.

Lakini nauliza: mtu anajifunza lini kuogelea, mtumbwi ukiwa umekwisha kupinduka? Lugha haijifunzwi kwa mwezi mmoja. Inaomba miaka mitatu, mine. Mwaka 1994 nani alifikiri kama watalii watapanda tena milima ya Rwanda? Walirudi. Na mwaka 2008 inchi ile ikabadilisha lugha ya kufundishia, kutoka Kifaransa kwenda Kingereza. Vijana walioanza shule wakati ule leo ndio wanaosimama mbele ya wageni. Amani ikifika kwetu, haitatungojea tumalize somo. Watu wenye kujua lugha watakuja kutoka Kigali na Kampala kuchukua nafasi, na sisi tutalalamika.

Na tena, Kingereza hiki si cha mtalii tu. Tangu mwaka 2022 Kongo iko ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mchuuzi anayetoa bidhaa Kampala, dereva anayepita Mombasa, mganga anayesoma karatasi ya dawa, wote wanakutana na Kingereza. Mtu aliyejifunza kupokea mgeni, kutaja bei, kuonyesha njia na kueleza sheria, anaweza kutumia maneno yale yale katika duka, hospitali au mpakani.

Neno la pili: "Kifaransa kinatosha." Kwa Mbelgiji na Mfaransa, ndiyo. Lakini Mjapani, Mjerumani, Mholanzi na Mmarekani wakikutana katika gari moja, wanazungumza Kingereza kati yao. Wengi wao hawana Kifaransa hata kidogo. Mara nyingi wanashuka ndege Kigali, wanavuka Ruzizi na dereva wao mwenye Kingereza, na dereva yule ndiye anayewaeleza inchi yetu. Je, tunafurahi habari yetu ielezwe na mtu aliyefika asubuhi na kurudi jioni?

Neno la tatu ni zito zaidi, na lilisemwa na mwenzetu mmoja wa kalasi ya tano: "Wanataka kutufanya maboyi ya Wazungu. Tunasoma kusudi tuwe madaktari na waenjinia, hapana kubeba mizigo." Simcheki mwenzetu huyu. Kuna Kingereza cha namna hiyo kweli, nimekiona katika vitabu vidogo vya hoteli: sentensi zote ni za kuitikia. "Yes, madam." "Right away, sir." "Anything else?" Mtu akijua hizo peke yake, hajui lugha, amejifunza kuinama tu. Njo maana nasema somo liwe namna nyingine. Gide mwema si boyi. Ni mwalimu. Anasimama mbele ya watu wazima, wengine wamesoma kumpita, na anawafundisha kitu wasichokijua, na wanamsikiliza kwa sababu katika pori lile yeye ndiye mwenye kujua. Kazi hiyo haina aibu, na inaomba akili nyingi.

Neno la nne ni la wenzangu wa mwaka wa mwisho: "Mtihani wa Serikali unakaribia, tusipoteze saa." Najua, na mimi niko kati yao. Lakini tuseme ukweli. Katika mtihani ule, Kingereza ni kusoma na kuchagua jibu moja kati ya mengi. Mtu anaweza kupata pointi nzuri bila kufungua kinywa. Tuko na watu hapa wenye kujua jina la kila tense, lakini mgeni akiwauliza choo kiko wapi, wanakimbia. Mwalimu wetu wa Kingereza hana kosa. Ana wanafunzi zaidi ya hamsini katika kalasi moja, na kitabu kimoja kwa mabenchi matatu. Saa moja ya kusema kwa mdomo haitaharibu mtihani. Itasaidia hata kusoma, maana neno lililopita kinywani halipotei upesi.

Mitego ya lugha

Wengine wanafikiri Kingereza cha utalii ni kukariri sentensi ishirini. Hapana. Kazi kubwa ni kujua mahali Kifaransa chetu na Kiswahili chetu vinapotutega. Nitoe mifano michache.

Wa kwanza: Katika Kifaransa tunasema "je demande", maana yake naomba au nauliza. Mwanafunzi wetu anafika kwa mgeni na kumwambia: "I demand ten dollars." Yeye anafikiri ameomba kwa adabu. Mgeni amesikia amri ya mnyang'anyi, maana "demand" kwa Kingereza ni kudai kwa nguvu. Kitu kimoja hicho kinaweza kuharibu safari nzima, na mwanafunzi hatajua kamwe sababu gani mgeni alinuna.

Wa pili: Kwetu mtu anaweza kusema "nipe maji" kwa sauti nzuri, na hakuna anayekasirika. Heshima iko katika sauti na uso. Ukitafsiri neno kwa neno, "Give me water", Mwingereza anasikia ukali, maana yeye anaweka heshima katika maneno yenyewe: "Could I have", "please". Si kusema kama sisi hatuna adabu ao wao wana nyingi. Kila lugha ina mahali pake pa kufichia adabu, na mwanafunzi apashwa kuonyeshwa mahali hapo.

Wa tatu: Mgeni akiteleza katika matope tunamwambia "pole". Wengi wetu wanatafsiri "sorry". Mgeni anashangaa: "Sababu gani unaomba musamaha? Si wewe uliyenisukuma." Kingereza hakina neno linalolingana na "pole" yetu. Mwanafunzi ajifunze kuuliza "Are you all right?" Na kama ana akili, amfundishe mgeni neno "pole" lenyewe na maana yake. Mgeni atalipeleka kwao na kulikumbuka siku nyingi.

Wa ine, na huu unahusu pori letu kabisa: Sisi tunaita wote "makako". Kifaransa nacho kinasema "singe" kwa wadogo na wakubwa. Lakini Kingereza kinatenga: mwenye mkia ni "monkey", na gorila, asiye na mkia, ni "ape". Gide akimwita gorila "monkey", wageni watatazamana na kuanza kutia mashaka katika kila kitu kingine anachosema.

Mnaona, ndugu zangu? Katika mifano hii mine hakuna tense hata moja. Na hakuna kitabu kilichoandikwa London kinachoweza kutufundisha mambo haya, sababu mwandishi wa London hajui Kifaransa chetu wala "pole" yetu. Ni walimu wetu wenyewe wanaoweza.

Nani anajua pori, nani anakula matabishi

Sasa nifike kwa neno linalonisumbua kuliko yote. Katika kazi hii ya gorila kuna watu wa namna mbili. Kuna wapisteri, ndio wale wanaotangulia alfajiri, wanaosoma majani yaliyovunjika na mavi ya jana, na kujua jamaa la gorila lililala wapi na limeelekea wapi. Kiisha kuna gide, anayetembea na wageni na kuongea. Saa ya kuagana, mgeni anatoa matabishi. Anampa nani kwanza? Yule aliyeongea naye. Mpisteri anasimama nyuma na panga lake, anapata kinachobaki.

Na wapisteri tangu mwanzo wengi wao ni nani? Ni ndugu zetu Batwa. Deschryver mwenyewe asingeona gorila hata mmoja bila wao. Wao walikuwa wanakaa katika pori lile, na miaka ya 1970, parki ilipofanywa na kupanuliwa, wakaondolewa bila kupewa inchi nyingine. Mwaka 2024 Tume ya Afrika ya Haki za Watu ilitangaza uamuzi wake kwamba serikali ya Kongo ilivunja haki zao. Watu wenye kujua pori kupita wote leo wanakaa kando yake bila mashamba, na watoto wao ni wachache sana katika mabenchi ya shule.

Tukijifunza Kingereza bila kufikiri hili, tutaongeza ubaya. Tutakuwa vijana wa mjini wenye kuuzisha kwa maneno mazuri maarifa ya watu wengine, na wenyewe watabaki na panga. Kwa hiyo naomba mambo mawili. La kwanza, somo lifunguliwe kwa watoto wa Batwa wa vijiji vya karibu, hata kama hawajaandikwa katika shule yetu, na bila kulipa. La pili, tujifunze pori kutoka kwa wapisteri wenyewe, kwa Kiswahili, kiisha tutafute Kingereza chake. Kwanza kujua kitu, nyuma yake kutafuta neno. Gide asiyejua sababu gani gorila wanapanda katika mianzi wakati machipukizi yanapotoka, Kingereza chake kitamsaidia kusema nini? Atasema "this is a tree, this is another tree".

Kusema hapana, kusema ukweli

Sheria za kutazama gorila si nyingi, lakini ni kali: saa moja tu, kukaa mbali nao, barakoa usoni, watoto chini ya miaka 15 wasiende, na mwenye kikohozi ao homa asipande. Sababu yake ni kwamba gorila wanaambukizwa magonjwa yetu, na mafua yasiyo kitu kwa mtu yanaweza kuua jamaa zima la gorila.

Sasa fikirini kijana wa miaka ishirini mbele ya mtu mzima, mwenye feza, aliyevuka bahari na kulipa dolari 400, na asubuhi ile anakohoa. Nani atamwambia habu? Kwa Kifaransa yenyewe ni vigumu. Kwa Kingereza cha "yes sir" haiwezekani kabisa, maana kitabu chake hakina neno "no". Ndiyo maana nasema sehemu kubwa ya somo iwe kukataa. "I am sorry, you are sick, you cannot go up today." "Please step back." "Please stay behind me." "The hour is finished." Na hili la mwisho ambalo wengi wetu wanaogopa hata kwa Kiswahili: "I don't know, but I will ask." Mwanafunzi ayaseme haya kwa sauti tulivu, bila kupiga kelele na bila kucheka kwa woga, mara kumi, mara ishirini, mpaka uso wake usitetemeke.

Kuna vilevile ukweli. Siku moja mgeni atauliza: "Who lived here before the park?" Tutajibu nini? Tutasema kama palikuwa pori tupu? Atauliza juu ya vita, juu ya walinzi waliokufa, ambao kwa Virunga peke yake wanapita 200. Gide asiyeweza kujibu maswali haya atabadilisha maneno na kuonyesha ndege juu ya mti. Mimi napenda tufundishwe kujibu kwa sentensi fupi na za kweli, bila kutukana mtu na bila kuficha.

Juu ya dada zetu

Nasikia kama wazazi wengine wanaogopa: "Binti yangu ajifunze kazi ya hoteli? Hapana." Woga huu si bure, hoteli zina mambo yake. Lakini dawa si kuwaacha wasichana nje ya somo. Msichana asiyejua lugha ndiye asiyeweza kujitetea. Wafundishwe maneno ya kusimama imara: "Do not touch me." "I will call the manager." Wafundishwe pia kusoma karatasi ya mapatano ya kazi mbele ya kutia sahihi. Na wasiwekwe upande wa vyumba na meza peke yake. Katika kalasi yetu ya tano kuna msichana anayejua majina ya ndege kupita wavulana wote. Sababu gani asiwe gide?

Namna ya kufanya

Wengine watasema shule haina feza. Mambo ninayoomba hayaombe feza nyingi.

1. Kila mwanafunzi awe na kaye moja yenye mistari mine: lugha ya nyumbani, Kiswahili, Kifaransa, Kingereza. Kila juma alete maneno kumi ya vitu anavyoviona kweli: majani, ndege, chakula, vyombo, magonjwa, njia. Mashi, Kihavu, Kitembo na Kirega vyote viingie. Sombe na sambaza zetu tuzieleze wenyewe, tusingoje mgeni azipe jina.

2. Nusu ya saa iwe mchezo wa watu wawili wawili. Mmoja ni mgeni: amechoka, ana njaa, hataki kulipa, anataka kumkaribia gorila, ao anasema Kingereza cha Kijapani kisichosikika vizuri. Mwingine anampokea. Kiisha wanabadilishana. Wengine wanasikiliza na kusahihisha, bila kuchekana.

3. Mara moja kwa mwezi mpisteri mmoja mzee aitwe, atufundishe kwa Kiswahili. Wanafunzi wawili wafasiri kwa Kingereza mbele ya kalasi. Na alipwe. Tukichanga franga kidogo kila mmoja, tutaweza. Si vema kuomba maarifa ya mtu bure, na somo letu linahusu malipo ya haki.

4. Hesabu na bei zije mwanzo kabisa. "Thirteen" na "thirty" zinafanana katika sikio. Mtu akichanganya hizo mbili, mama anayeuzisha vikapu ndiye atakayepoteza.

5. Mtihani wa somo hili uwe wa mdomo. Mwanafunzi aongoze walimu wawili kutoka mlango wa shule mpaka mtoni, akieleza kila kitu njiani na kujibu maswali yao.

6. Tuanze na kalasi ya ine. Sisi wa mwaka wa mwisho tutapata kidogo tu, lakini wadogo zetu watapata yote.

Ndugu wanafunzi, wazee wetu walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii tunaipenda sana, lakini tusiisome nusu. Si kila mgeni anayeponyesha mwenyeji. Kuna mwenyeji anayebaki na ugonjwa wake, mgeni akiwa amekwisha kupiga picha na kwenda. Mwenyeji anapona kama ana kitu cha kutoa na kinywa cha kusema bei yake.

Walimu watakaa juu ya shauri hili siku ya posho ya mwisho wa mwezi huu. Wenye mawazo mengine, hata yenye kupinga yangu, wayaandike na kuyapeleka kwa wakubwa wa kalasi mbele ya siku ya ine, kusudi yapigwe stensili pamoja na ukurasa wa pili wa nafasi hii. Wenye kutaka kuchanga kwa ajili ya malipo ya mpisteri, majina yanaandikwa kwangu, kila siku nyuma ya masomo, chini ya muti wa avoka. Mpaka leo asubuhi tuko watu kumi na saba.



Ndugu yenu, kapita wa wanafunzi,
mwanafunzi wa mwaka wa mwisho.